Maswali ya Wasomaji: Kanzidata iliyopitwa na wakati na mawasiliano yasiyosimbwa

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinatoka mkoa wa Tanga, nazo zinagusa jambo moja kwa njia tofauti: seva ya kanzidata (kompyuta inayotunza taarifa za ofisi kwa mpangilio) iliyozeeka, na taarifa za watu zinazosafiri kati ya seva hiyo na watumiaji wake bila kufichwa. Ya kwanza ndiyo yenye mambo mengi, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa zaidi.

Swali

Mtaalamu, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ofisi yetu iko Chumbageni, na tuna vituo viwili vya kukusanyia maziwa, kimoja Pongwe na kingine Muheza. Kila asubuhi karani wa kituo huandika kwenye kompyuta jina la mfugaji na lita alizoleta, na taarifa hizo huja moja kwa moja kwenye seva ya ofisini. Seva ina programu ya kanzidata ya MySQL, toleo 5.6, juu ya Windows Server 2008 R2, na tangu iwekwe haijaguswa. Kijana aliyetutengenezea programu anashauri tuweke usimbaji wa mawasiliano sasa, yaani kuyaficha yasisomeke njiani, na suala la toleo jipya lisubiri bajeti ya mwakani. Mweka hazina anasema kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Nimsikilize nani?
*Katibu, Chumbageni*

Jibu

Ndugu Katibu, hofu ya mweka hazina ninaielewa, kwa sababu malipo ya wafugaji yakikosewa hata mara moja, yeye ndiye atakayekaa mbele yao kikaoni. Pamoja na hayo, seva yenu haifai kuachwa ilivyo. MySQL 5.6 ilikoma kupewa marekebisho ya usalama mwezi Februari 2021, na Windows Server 2008 R2 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Udhaifu uliogunduliwa baada ya hapo umetangazwa hadharani, wenye nia mbaya wamekwisha kuusoma, na kwenye mashine yenu hakuna aliyeuziba.

Ushauri wa kijana wako nao una kasoro ambayo huenda hakuifikiria. Usimbaji wa mawasiliano ya kanzidata hufanywa kwa itifaki ya TLS, yaani kanuni za kuficha mawasiliano ya mtandaoni, na toleo la TLS ambalo seva inaliweza hutegemea umri wa seva yenyewe. Matoleo mengi ya MySQL 5.6 yaliyogawiwa bure yalijengwa pamoja na maktaba ya usimbaji iitwayo yaSSL, ambayo haivuki TLS 1.1. Mwezi Machi 2021 ilitangazwa rasmi kwamba TLS 1.0 na 1.1 zisitumike tena, na MySQL yenyewe iliziondoa kabisa kuanzia toleo 8.0.28. Mkisimba leo juu ya 5.6 mtakuwa mmeweka ulinzi uliokwisha kukataliwa, na siku mtakapopandisha toleo mtalazimika kuirudia kazi yote upya. Pandisheni toleo kwanza, kisha simbeni, lakini kazi zote mbili ziwe katika mpango mmoja na bajeti moja, maana zikitenganishwa hiyo ya pili husahaulika.

Ili mweka hazina akubali kutoa fedha, usimweleze kwa maneno, mwonyeshe. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja hapa Tanga yenye mfumo unaofanana na wenu. Nilifungua programu ya Wireshark, inayoonyesha yanayopita mtandaoni, kwenye kompyuta ya karani, nikachuja mawasiliano ya poti 3306, mlango ambao MySQL hupokelea wateja, nikamwomba aingize rekodi moja kama anavyofanya kila siku. Skrini ilionyesha sentensi nzima ya INSERT (amri ya kuongeza rekodi) iliyokwenda kwenye seva: jina la mtu, namba yake ya simu, namba ya akaunti ya benki na kiasi anachodai. Mhasibu aliyekuwa amesimama nyuma yetu akalisoma jina kwa sauti, kwa kuwa lilikuwa la shemeji yake, kisha akavuta kiti akakaa. Nywila ya kuingilia haikuonekana, kwa kuwa hata matoleo hayo ya zamani hayaitumi waziwazi, na wengi huridhika wakishaona hivyo. Lakini taarifa za watu zilipita zikiwa wazi kabisa, na yeyote mwenye uwezo wa kuisikiliza njia hiyo angeweza kuzisoma kama tulivyozisoma sisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aziwekee ulinzi, nanyi mnakusanya majina, simu na akaunti.

Sasa namna ya kuifanya kazi. Jambo la kwanza ni nakala rudufu, na hapa naomba muwe wakali kupita kiasi. Chukueni nakala kwa programu ya `mysqldump` inayokuja na MySQL, mkiongeza `--single-transaction` ikiwa majedwali yenu ni ya aina ya InnoDB, pamoja na `--routines` na `--events`, kwa sababu bila viambatisho hivyo viwili taratibu na kazi za ratiba zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata hazitoki na nakala. Yakiwepo majedwali ya aina ya zamani ya MyISAM, chukueni nakala wakati hakuna anayeandika. Kisha irudisheni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, fungueni ripoti ya mwezi uliopita, na mlinganishe jumla ya lita na jumla ya shilingi na zile zilizoko kwenye karatasi zilizosainiwa. Mpaka hesabu hizo zilingane, msijihesabu kuwa mna nakala.

Kompyuta hiyo nyingine ndiyo itakayokuwa uwanja wa majaribio, na seva ya zamani iendelee kufanya kazi wakati wote huo. MySQL haikubali kurukwa ngazi: kutoka 5.6 mnakwenda 5.7, kutoka 5.7 mnakwenda 8.0, na kutoka 8.0 mnafika 8.4. Toleo 5.7 nalo lilikwisha muda wake Oktoba 2023, na 8.0 liliwekewa kikomo cha Aprili 2026, kwa hiyo yachukulieni kuwa ni ngazi za kukanyaga mkipita. Mahali pa kutulia ni 8.4, lililotoka Aprili 2024 kama toleo la kudumu kwa miaka mingi. Mkiwa kwenye 5.7, sakinisheni MySQL Shell na muendeshe `util.checkForServerUpgrade()`, ambayo hukagua kanzidata yenu na kuorodhesha yale yatakayogoma mbele. Mkishavuka kwenda 8.0 hakuna kurudi nyuma kwa kubadilisha programu tu. Kurudi ni kwa kupitia nakala rudufu peke yake, na ndiyo maana nimeisisitiza.

Kuna mambo manne ambayo nimeyaona yakiwasumbua watu, na ningependa kijana wako ayapitie moja baada ya jingine katika programu aliyoiandika.

La kwanza ni tarehe za sifuri. Zamani mfugaji asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa aliandikiwa 0000-00-00 na seva ikakubali. Kuanzia 5.7 mipangilio ya kawaida ni mikali, na tarehe kama hiyo hukataliwa. Zibadilisheni ziwe NULL, yaani pasipo na thamani, kabla ya kuhama. Msilegeze mipangilio ili zipite, kwa sababu mkilegeza kwa ajili ya hilo mtakuwa mmelegeza na mengine msiyoyajua.

La pili ni majina ya majedwali na safu. Toleo 8.0 liliongeza maneno yaliyotengwa kwa matumizi ya SQL yenyewe, lugha ya kuiamuru kanzidata, miongoni mwake `groups` na `rank`. Kama vikundi vya wafugaji wenu vimehifadhiwa kwenye jedwali liitwalo `groups`, kila hoja (ombi kwa seva) inayolitaja bila alama maalumu za kunukuu itakataliwa siku hiyohiyo.

La tatu ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa halitoi kosa lolote. Hadi 5.7, amri ya GROUP BY, ya kukusanya rekodi kwa makundi, ilikuwa ikipanga majibu yenyewe hata kama mwandishi wa programu hakuomba, na waandishi wengi wakaizoea hali hiyo. Toleo 8.0 limeacha kufanya hivyo. Orodha ya malipo ambayo miaka yote ilitoka kwa mpangilio itatoka ikiwa imevurugika, na kama karani anailipa akifuata mistari ya daftari la zamani, jina la mtu na fedha za mtu mwingine vinaweza kukutana. Kila penye GROUP BY inayotegemewa kupanga, iongezwe waziwazi ORDER BY, amri ya kupanga.

La nne linawahusu mnaotoka Windows kwenda Linux, jambo ambalo nawashauri mlifanye kwa kuwa mfumo endeshi wenu nao umekwisha muda. Kwenye Windows, MySQL haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya majedwali, na huyahifadhi yote kwa herufi ndogo. Kwenye Linux hutofautisha. Programu inayoomba `Wafugaji` itaambiwa jedwali hilo halipo, ilhali `wafugaji` lipo. Dawa yake ni kuweka `lower_case_table_names=1`, lakini kuanzia 8.0 mpangilio huu huwekwa wakati folda ya data inapoandaliwa kwa mara ya kwanza tu, na baada ya hapo haubadiliki. Kwenye Ubuntu folda hiyo huandaliwa yenyewe mara tu usakinishaji unapokwisha, kwa hiyo anayesakinisha bila kulijua hili atajikuta anafuta na kuanza upya.

Nywila pia zitahitaji uangalizi. Tangu 8.0 akaunti mpya huthibitishwa kwa njia ya `caching_sha2_password`, na katika 8.4 njia ya zamani imezimwa tangu mwanzo. Ikiwa programu yenu imeandikwa kwa lugha ya PHP, toleo 5.6, haiijui njia mpya kabisa. Inawezekana kuiwasha ile ya zamani kwa muda, lakini toleo 9.0 limeiondoa moja kwa moja, kwa hiyo mtakuwa mmenunua muda mfupi tu. Ni afadhali kijana wako aipandishe na PHP katika kazi hiihii.

Majaribio yakitulia, ndipo mnapoingia kwenye usimbaji, na hapa mtapata nafuu. MySQL 8.4 ikiwashwa kwa mara ya kwanza hujitengenezea vyeti vya kidijitali vya kuitambulisha seva, na wateja wa kisasa (programu zinazoungana na seva) husimba bila kuambiwa. Lakini vyeti hivyo vya kujitengenezea havibebi jina la seva yenu, kwa hiyo mteja hawezi kuvitumia kuhakikisha kwamba anayezungumza naye ni seva ya Chumbageni kweli. Mawasiliano yanakuwa yamefichwa, ila hujui umemfichulia nani. Tengenezeni mamlaka yenu ndogo ya kutoa vyeti kwa programu ya OpenSSL, kwenye kompyuta isiyo mtandaoni. Toeni cheti cha seva chenye jina lilelile ambalo vituo hutumia kuiita seva. Ufunguo wa siri wa mamlaka hiyo uwekwe kwenye flashi, na flashi ifungiwe kwenye kabati la mweka hazina. Vituo vya Pongwe na Muheza vipewe cheti cha mamlaka peke yake, na programu yao iwekwe katika hali ya `VERIFY_IDENTITY`, inayohakiki cheti na jina la seva. Tarehe ya cheti kuisha muda iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na siku ya kukibadilisha hamtalazimika kuzima seva, kwani `ALTER INSTANCE RELOAD TLS` inatosha.

Msikimbilie kulazimisha. Kwa wiki ya kwanza acheni mawasiliano ya aina zote mbili yapite, na kila jioni mtazame `sys.session_ssl_status`, ambayo huonyesha kila muunganisho na aina ya usimbaji wake. Ambao safu yake ya usimbaji ni tupu unakwenda wazi. Mara nyingi hapo ndipo hugundulika kompyuta iliyosahauliwa, kama ile ya stoo inayochapisha risiti. Orodha ikishakuwa safi, wekeni `require_secure_transport=ON`, na kuanzia hapo anayekuja wazi kupitia mtandao hapokelewi.

Kwa siku ya kuhama yenyewe, chagueni mchana baada ya malipo kukamilika, na waambieni makarani kwamba asubuhi inayofuata wataandika kwenye daftari mpaka mtakapothibitisha jumla. Seva ya zamani izimeni na muichomoe kwenye mtandao, lakini msiifute kabla ya malipo ya mwezi mmoja kupita salama.

Swali

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani na tawi Korogwe. Fundi wetu alifungua poti 3306 kwenye rauta ili tawi liunganike na kanzidata ya hapa. Nilipomuuliza kuhusu usalama, aliwasha `require_secure_transport` na kusema sasa hakuna tatizo. Je, ni kweli?
*Mfanyabiashara, Ngamiani*

Jibu

Ndugu mfanyabiashara, fundi wako amefanya jambo jema, lakini jambo hilo linalinda njia tu. Mlango wenyewe bado uko wazi kwa dunia nzima. Mtu aliye mbali kabisa anaweza kubisha hodi kwenye poti hiyo, akasimba mawasiliano yake vizuri kama lilivyoagizwa, kisha akajaribu nywila moja baada ya nyingine usiku kucha. Kuna programu ambazo kazi yake ni hiyo tu, na huzitafuta poti 3306 zilizo wazi katika intaneti bila kujali mwenye duka ni nani.

Mwombe aifunge poti hiyo leo. Kati ya Ngamiani na Korogwe aweke njia ya faragha (VPN). Programu ya WireGuard ni nyepesi, haina gharama ya leseni, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za kawaida. Baada ya hapo aangalie akaunti za kanzidata. Akaunti iliyoandikwa `'tawi'@'%'` inaruhusiwa kutoka popote. Aibadilishe ikubali anwani za njia ya faragha peke yake, kwa mfano `'tawi'@'10.8.0.%'`, na akaunti ya `root` isikubaliwe kutoka nje ya seva yenyewe. Usimbaji wa kanzidata auache ukiwa umewashwa hata baada ya njia ya faragha kuwepo. Wapo wanaosema ni kufunga mara mbili, nami nasema mawasiliano yakitoka kwenye njia ya faragha yanaingia kwenye mtandao wa duka, na kwenye mtandao huo zipo simu za wafanyakazi na za wageni.

Swali

Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule moja Pangani. Nilihamisha kanzidata ya maktaba kutoka PostgreSQL 9.6, programu nyingine ya kanzidata, kwenda 17 kwenye seva mpya, nikaweka mistari ya `hostssl` (inayokubali mawasiliano yaliyosimbwa tu) na cheti, na kompyuta za maktaba nikaziweka `sslmode=verify-full`. Juzi umeme ulikatika. Asubuhi kompyuta mbili za zamani zikagoma kuunganika, zikisema cheti bado hakijaanza kutumika, ilhali nyingine nne ziko sawa. Mwenzangu anashauri nibadilishe ziwe `sslmode=require`. Nifanyeje?
*Mwalimu, Pangani*

Jibu

Mwalimu, hongera kwa kuchagua `verify-full`, inayohakiki cheti na jina la seva. Walio wengi hawafiki hapo. Cheti chako hakina kosa. Angalia saa za kompyuta hizo mbili na huenda ukakuta zimerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, ambayo mara nyingi ni CR2032, imekwisha nguvu, kwa hiyo umeme ukikatika kompyuta husahau tarehe. Ikiamini kwamba ni mwaka 2010, cheti ulichotoa wiki iliyopita kinaonekana kwake kuwa cha siku zijazo, nayo inakikataa kama inavyopaswa. Badilisha betri, kisha isakinishe chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye seva ili kompyuta zote za maktaba zichukue saa kutoka hapo hata intaneti inapokuwa haipo.

Ushauri wa mwenzako usiufuate. Hali ya `require` husimba, lakini kwa kawaida haihakiki cheti ni cha nani, na kompyuta zitaunganika na seva yoyote itakayojibu kwa jina hilo. Utakuwa umeondoa kinga ili kuepuka gharama ya betri.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Kama ulihamisha kwa kutoa nakala kwa `pg_dump` na kupakia upya, liruke, kwa sababu faharasa zote (orodha ambazo kanzidata hutumia kutafuta haraka) zilijengwa upya. Lakini kama uliyabeba mafaili ya data yenyewe kwenye seva mpya na kutumia `pg_upgrade`, kumbuka kwamba glibc, sehemu ya mfumo wa Linux, ilibadilisha utaratibu wa kupanga maneno katika toleo 2.28 la mwaka 2018. Faharasa za maandishi zilizopangwa kwa utaratibu wa zamani zinaweza kushindwa kumpata mwanafunzi ambaye rekodi yake ipo, na mfumo ukakubali kumsajili mara ya pili. Endesha REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya, kwa kanzidata nzima jioni maktaba ikiwa imefungwa. Ikikataa kwa kulalamika kwamba kuna thamani zilizojirudia, usifute rekodi yoyote kwa haraka. Zitafute zote mbili na uziangalie bega kwa bega, maana huenda kila moja ina vitabu ambavyo mwanafunzi huyo bado hajavirudisha.